Fundi umeme wa Kileo na Upareni: kazi ipo, kipato kinategemea leseni

Wazazi wengi wanaotusikiliza wana swali moja: kijana amemaliza kidato cha nne, anataka kusomea umeme, je, atapata kazi huku kwetu, na atalipwa kiasi gani? Vijana ambao tayari wanafanya kazi hiyo nao wana la kwao: mbona tunafunga umeme nyumba nyingi lakini mfukoni habaki mtu na kitu?

Makala hii inajibu maswali yote mawili. Tumewalenga wasikilizaji wa Kileo na kata jirani za wilaya ya Mwanga, pamoja na wenzetu wa Same, tambarare na milimani. Jibu letu kwa ufupi ni hili: kazi ipo na itaendelea kuwepo kwa miaka kadhaa. Ila cheti cha chuo peke yake hakimpi fundi kipato kizuri. Tofauti kubwa inatokana na leseni, na kujua kuhesabu gharama kabla ya kutaja bei.

Kazi inatoka wapi

Kileo ni jirani wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo tangu miaka ya 1960 lina kituo cha kufua umeme cha megawati 8. Hata hivyo, kwa miaka mingi vijiji vingi vya Upareni viliuona umeme ukipita juu kwenye nyaya kubwa kwenda kwingine. Hali ilianza kubadilika baada ya Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, iliyounda Wakala wa Nishati Vijijini, maarufu kama REA. Wakala huo ulianza kazi mwaka 2007, na miradi yake ndiyo iliyopeleka nguzo hadi kwenye shule, zahanati na senta za vijiji.

Kufikia mwaka 2025 Serikali ilikuwa imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Lakini kijiji kufikiwa si sawa na kila nyumba kuwaka. Umeme ukifika senta, kijiji kinahesabiwa kimefikiwa, ingawa vitongoji vyake vya pembeni bado vinatumia taa za sola na vibatari. Tanzania Bara ina vitongoji 64,359, na mwaka huo vilivyokuwa vimefikiwa vilikuwa nusu au zaidi kidogo. Vilivyobaki ni kazi inayokuja.

Januari 2025, Dar es Salaam ilipokea mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu nishati. Hapo Tanzania iliweka lengo la kuunganisha wateja wapya milioni 8.3 ifikapo mwaka 2030. Hata kama lengo hilo litafikiwa nusu tu, ni mamilioni ya nyumba, na kila nyumba inahitaji mtu wa kutandaza nyaya ndani kabla mita ya LUKU haijafungwa.

Hapa ndipo wananchi wengi hujichanganya. Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini imekuwa shilingi 27,000. Ada hiyo ni ya kuleta umeme kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mita. Haihusu nyaya za ndani, swichi, soketi, meinswichi wala kazi ya fundi. Hayo ni ya mwenye nyumba, na ndiyo riziki ya fundi wa mtaani. Kwa nyumba ndogo kuna kifaa kinachoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho kina swichi na soketi zake tayari, na mteja hahitaji wayaringi ya nyumba nzima. Kifaa hiki kimewasaidia wengi kuanza, na baadaye wanapoongeza vyumba humtafuta fundi.

Aina tatu za ajira, na malipo yake

Ya kwanza ni ajira ya kudumu, kwenye shirika la umma au kampuni. Nafasi za TANESCO na taasisi nyingine za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kupitia mfumo wa Ajira Portal, na kuomba ni bure. Anayekudai pesa akuingize TANESCO ni tapeli. Kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Kwa sekta binafsi, Serikali ilitangaza Oktoba 2025 kwamba wastani wa kima cha chini utapanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari 1, 2026. Huo ni wastani. Kila sekta ina kiwango chake, iwe ujenzi, nishati, viwanda au kilimo, kwa hiyo mwulize mwajiri sekta yenu inalipa kiasi gani kisheria.

Ya pili ni kibarua kwa mkandarasi. Mkandarasi wa mradi akifika wilayani huhitaji watu wa kuchimba mashimo ya nguzo, kuvuta nyaya na kufunga mita. Malipo ni kwa siku au kwa kazi. Uzuri wake ni kwamba kijana anajifunza kazi za laini kubwa. Ubaya wake ni kwamba mradi ukiisha na kazi imeisha, tena wapo wanaobaki wanadai. Kabla ya kuanza, hakikisha kuna karatasi inayoonyesha jina la mwajiri, malipo ya siku, siku ya kulipwa na nani anagharamia ukiumia.

Ya tatu ni kujitegemea, na huku ndiko waliko mafundi walio wengi. Hakuna mshahara, kuna kazi za hapa na pale. Mwezi mmoja nyumba nne, mwezi mwingine hakuna hata moja, hasa kabla ya mavuno, watu wakiwa hawana pesa. Bei hupangwa kwa pointi, yaani kila taa, swichi au soketi inahesabiwa, au kwa makubaliano ya nyumba nzima. Hapa ndipo fundi anapaswa kujua hesabu.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni zetu za kufanyia hesabu, si bei elekezi. Weka za kwenu kulingana na kijiji chako.

Fundi amekubaliana na mwenye nyumba ya vyumba vitatu shilingi 180,000 za ufundi. Vifaa ananunua mwenye nyumba. Kazi inachukua siku sita.

- Nauli ya bodaboda, shilingi 5,000 kwa siku: 30,000
- Msaidizi, shilingi 10,000 kwa siku: 60,000
- Kuchakaa kwa vifaa vya kazi: 10,000
- Fungu la mwenye leseni, kwa sababu fundi wetu hana leseni: 40,000

Jumla ya gharama ni 140,000. Kinachobaki ni 40,000 kwa siku sita, yaani kama shilingi 6,670 kwa siku. Msaidizi aliyelipwa 10,000 kwa siku amempita bosi wake!

Sasa tuseme fundi huyo ana leseni yake. Zile 40,000 zinabaki kwake, na anaondoka na 80,000, karibu shilingi 13,330 kwa siku. Linganisha na ule wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi: shilingi 358,322 ukigawa kwa siku 26 za kazi ni karibu 13,780. Kwa maneno mengine, kwa bei ileile na nyumba ileile, leseni imemtoa fundi kwenye kipato cha kubangaiza na kumsogeza karibu na mshahara wa mtu aliyeajiriwa.

Hesabu hiyo inatufundisha mambo mawili zaidi. Kwanza, usitaje bei kabla hujaijua nauli, siku na msaidizi. Nyumba ya Kileo mjini na nyumba ya juu Usangi au Chome haziwezi kuwa na bei moja, maana kupanda mlima ni gharama. Pili, siku sita za kazi si mwezi. Ukipata nyumba mbili tu kwa mwezi, siku nyingine zilizobaki zinahitaji kazi ya aina nyingine. Tutazitaja kazi hizo hapa chini.

Leseni: nani anatoa, na inasaidia nini

Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, anayefanya kazi ya kufunga mifumo ya umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Kufanya bila leseni ni kosa. Mitaani mafundi wa namna hiyo huitwa vishoka, na wengi wao ni vijana wenye ujuzi mzuri tu, ila hawajakamilisha karatasi.

Leseni zimepangwa kwa madaraja yenye herufi. Daraja A ndilo lenye upeo mpana zaidi, kisha yanashuka B, C na D. Lipo daraja W kwa mafundi wa ngazi ya chini, na S kwa kazi maalumu. Kijana anayefunga nyumba za kawaida za kuishi hahitaji kukimbilia juu. Aanze na daraja linalolingana na cheti na uzoefu wake, apande taratibu. Maombi hufanyika kwa mtandao, na EWURA huangalia vyeti na uzoefu wa mwombaji na kumfanyia usaili. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Leseni ina tarehe ya kuisha, usisubiri ipite.

Mteja anapoomba umeme TANESCO, siku hizi kwa mfumo wa NiKonekt, anatakiwa kuwa na mchoro wa nyaya za nyumba uliothibitishwa na fundi mwenye leseni. Ndiyo maana asiye na leseni analazimika kumtafuta mwenye nayo agonge muhuri. Mwenye leseni akifika kwenye nyumba, akaisimamia kazi na kuipima, fungu lake ni halali kabisa. Akigonga muhuri akiwa ameketi mjini bila kuiona nyumba, amesaini kitu asichokijua. Siku nyumba ikiungua, jina lililo kwenye karatasi ni lake, na hasara ni ya familia iliyolala ndani.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu umeme wa nyumbani ni volti 230, na unaua. Makosa ya mara kwa mara yanajulikana: waya mwembamba wa taa kufungwa kwenye soketi ya pasi au jiko, ethi kutofika ardhini vizuri, hasa kwenye ardhi kavu kama ya tambarare yetu wakati wa kiangazi, na maungio yaliyofungwa kwa nailoni. Kwa kawaida waya wa taa huwa milimita za mraba 1.5 na wa soketi 2.5, na jiko huhitaji mnene zaidi. Fundi anayeokoa pesa kwa kushusha unene wa waya anamwuzia mteja hatari.

Pa kusomea, na gharama yake

Njia ya kawaida ni VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mafunzo yana ngazi tatu, ya kwanza hadi ya tatu, na kwa sisi wa Kilimanjaro chuo kikongwe kiko Moshi. Ada ya vyuo vya VETA kwa kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Mzazi asidhani ndiyo mwisho. Kuna sare, vifaa, nauli, na kwa wa kutwa kuna chumba cha kupanga na chakula. Mara nyingi hayo yanazidi ada yenyewe. Vipo pia vyuo vya maendeleo ya wananchi na vyuo binafsi. Kabla ya kulipa, thibitisha kwamba chuo kimesajiliwa na kwamba wanafunzi wake hufanya mitihani inayotambuliwa na VETA, vinginevyo cheti hakitakusaidia mbele ya EWURA.

Kwa fundi aliyejifunza kwa kumfuata fundi mwenzake miaka mingi, kuna njia ya urasimishaji wa ujuzi. VETA hupima kile unachokijua, hukujaza pale ulipopungukiwa na kukupa cheti. Huhitaji kurudi darasani miaka miwili kujifunza kufunga swichi ambayo umeifunga mara elfu. Kaka zetu waliopo mtaani wanaipuuza njia hii, ilhali ndiyo daraja la kutoka ukishoka kwenda kwenye leseni.

Baada ya wayaringi: kazi zinazorudi kila msimu

Nyumba ikishafungwa nyaya, imekwisha. Fundi anayeishi kwa nyumba mpya tu atafika siku kijiji chote kina umeme na yeye hana kazi. Wanaodumu ni wale wenye kazi inayojirudia. Huku kwetu tunaziona za namna nne.

Pampu na mota. Tambarare ya Kileo inaishi kwa maji, na mkulima wa mboga au mpunga pampu yake ikizima wiki moja amepoteza msimu. Anayejua kusuka mota, kufunga stata na kupima fezi tatu ana bei yake mwenyewe. Mashine za kusaga na kukoboa ziko kila kijiji, na nazo ni mota. Huko Same milimani kuna usindikaji wa tangawizi Mamba Myamba, na Makanya kuna machimbo ya jasi. Popote penye mashine pana fundi.

Majokofu. Wauza samaki wa Nyumba ya Mungu na wenye vioski vya soda hutegemea friza. Kujifunza ufundi wa majokofu juu ya umeme wa nyumba ni kuongeza mlango wa pili wa riziki.

Umeme wa jua. Vitongoji vya mbali vitaendelea kutumia sola, na hata wenye umeme wa gridi sasa wanaweka pampu za sola kwa sababu hazina LUKU. Paneli hazihitaji mtu wa kuziangalia kila siku, lakini betri na inveta zinahitaji mtu anayejua.

Miradi ya umma. Madarasa, zahanati na vituo vya afya vingi hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule au kijiji hutumia mafundi wa eneo husika. Zabuni za Serikali sasa hupita kwenye mfumo wa NeST, kwa hiyo fundi ajisajili mapema na awe na TIN. Mradi mkubwa wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaovuta maji Nyumba ya Mungu na uliozinduliwa Machi 2025, ni mfano mwingine: maji hayapandi mlima bila pampu, na pampu haziendi bila umeme.

Kwa wanaokosa mtaji wa vifaa, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hutolewa kwa vikundi. Mafundi watano wenye mita nzuri ya kupimia, drili na ngazi ya kushirikiana wana nguvu kuliko mmoja anayeazima kila kitu. Muulizeni ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kulipwa, na kulindwa ukiumia

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Mwajiri anatakiwa kuchangia NSSF, na pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaomlipa mfanyakazi aliyeumia au familia ya aliyefariki kazini. Fedha ya WCF haikatwi kwenye mshahara wako. Inatoka kwa mwajiri. Ukifukuzwa isivyo halali, unapeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi, mfano malipo yako, ni ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki kwa kusubiri ahadi za "njoo wiki ijayo" mpaka siku zinapita.

Aliyejiajiri hana WCF. Akianguka kwenye ngazi, gharama ni za nyumba yake. Kwa hiyo bima ya afya na akiba si anasa kwa fundi umeme. Na kwenye malipo, utaratibu mzuri ni awamu tatu: sehemu kabla ya kuanza, sehemu nyaya zikishapita ukutani, na iliyobaki siku ya kupima, kabla ya kukabidhi karatasi za TANESCO. Andikeni makubaliano hata kwenye daftari, wote wawili mtie saini, awepo shahidi. Karatasi hiyo ndiyo utakayoenda nayo Mahakama ya Mwanzo ikibidi. Hata fundi anayemfungia umeme mjomba wake aandikiane naye. Undugu haulipi msaidizi.

Jambo moja la mwisho kwa fundi: usiguse upande wa TANESCO. Kuanzia nguzo hadi mita ni mali ya shirika. Kazi yako inaanzia baada ya mita. Wapo vijana waliopanda nguzo kumsaidia jirani na hawakushuka wazima.

Kwa mwenye nyumba

Nawe mzee au mama unayejenga, una sehemu yako. Kabla ya kumpa mtu kazi, mwombe leseni, usome jina, daraja na tarehe ya kuisha. Muulize ni nani atakayekuja kupima, na mwambie apime ukiwepo. Bei iliyo chini sana kuliko za wengine ina maana kuna kitu kimepunguzwa, na mara nyingi ni unene wa waya au ethi. Ukimlipa fundi mwenye leseni bei ya haki na kwa wakati, atarudi siku swichi itakapoanza kutoa cheche.

Na kwa mzazi aliyeuliza swali la mwanzo: ndiyo, mpeleke kijana, wa kike au wa kiume, akasomee umeme. Ila bajeti yako isiishie kwenye ada ya chuo. Tenga na ya leseni, na ya vifaa vyake vya kwanza vya kazi.